Kujenga upya jina lako la mkopo baada ya kufilisika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nakuru, Kisumu na Magharibi

Maswali haya yametoka kwa watu wa kawaida kati ya Nakuru na Busia: mwenye duka ambaye vitu vyake viliuzwa na madalali, mwalimu ambaye mshahara uliishia kwenye mikopo, mkulima wa miwa aliyemdhamini mwenzake akaachiwa deni. Wengi huanza kwa kuuliza ni benki gani itawapa kadi. Kadi tutaifikia, lakini haiji kwanza. Kinachokuja kwanza ni rekodi yako iwe sahihi, kisha upate mkopo mmoja mdogo unaoweza kuulipa hata mwezi ukiwa mbaya, na ulipwe mahali ambapo malipo hayo yanaandikwa.

Nimefilisika. Je, ni sawa na kuwa CRB?

Hapana, na ni lazima ujue uko upande gani kabla hujafanya lolote. Mtu akifungiwa duka na bidhaa zake zikapigwa mnada, husema amefilisika, na ni kweli hana kitu. Lakini mbele ya sheria, mufilisi ni yule aliyetangazwa hivyo na Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Mwingine yeyote ni mdaiwa tu, hata kama amebaki na nguo alizovaa.

Kuorodheshwa CRB, yaani kwenye kampuni zinazoweka taarifa za mikopo ya watu, ni jambo jingine. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa umekwama, na mkopeshaji hupeleka habari hizo kwa kampuni hizo. Zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Karibu kila anayeniuliza kuhusu kufilisika yuko hapa, wala hajawahi kuona hakimu.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa: CRB si orodha ya wabaya. Benki zilianza kupeleka habari za madeni mabaya mwaka 2010, lakini tangu 2014 hupeleka pia habari za mikopo inayolipwa vizuri. Kwa hiyo kila aliyewahi kukopa benki ana faili huko. Faili lilelile lililokuharibia jina ndilo litakalokurudishia, na ndiyo maana hakuna haja ya kulikimbia.

Mahakama ilinitangaza mufilisi. Naweza kukopa tena lini?

Kwa kawaida ufilisi huisha wenyewe miaka 3 baada ya wewe kuwasilisha maelezo kamili ya mali na madeni yako, mradi hakuna aliyepinga. Zingatia hapo: hesabu huanza siku ulipowasilisha maelezo hayo, si siku ya uamuzi wa mahakama. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima hajapeleka karatasi zile, akidhani muda unakwenda, kumbe haujaanza. Unaweza pia kuiomba mahakama ikuondolee ufilisi kabla ya muda huo ukiwa na sababu za kutosha.

Kabla ya kuondolewa, usijaribu kuchukua mkopo kwa kuficha hali yako. Hilo ni kosa kisheria na linaweza kukurudisha nyuma kuliko ulipoanzia. Ukishaondolewa, tafuta hati ya kuthibitisha, uitie kwenye faili pamoja na nakala kadhaa. Utaulizwa.

Kwa wenye madeni madogo, sheria hiyohiyo ina njia nyepesi ambayo haipiti mahakamani. Kama madeni yako ni kati ya shilingi 100,000 na 400,000 na huna mali yoyote ya kuuzwa, unaweza kumwomba Mpokezi Rasmi, yaani afisa wa serikali anayesimamia mambo ya ufilisi, akuingize katika utaratibu wa mdaiwa asiye na mali. Ukikubaliwa, wadai hawawezi kukufuata kwa madeni hayo, na baada ya miezi 12 yanafutwa. Njia hii hutolewa mara moja tu maishani. Usiitumie kwa deni ambalo ungeweza kulimaliza kwa mavuno mawili.

Nikiondolewa ufilisi, madeni yote yamefutika?

Mengi, ndiyo. Si yote. Deni lililotokana na udanganyifu hubaki, na amri ya mahakama ya matunzo ya watoto hubaki.

Halafu kuna wadhamini. Huku kwetu mikopo mingi ni ya SACCO, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, na mkopo wa SACCO husimama juu ya mabega ya watu: mwalimu mwenzako, jirani, shemeji. Wewe ukiondolewa deni na mahakama, wao hawajaondolewa. SACCO itakata akiba zao. Nimeona watu waliotoka mahakamani wakiwa huru kabisa, lakini hawawezi kuingia kwenye mkutano wa shule kwa sababu nusu ya waliokaa pale wanalipa deni lao.

Sheria haikulazimishi kuwarudishia. Mimi nasema warudishie, hata kama ni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila mmoja, na uwaambie mapema: “Ndugu yangu, najua wanakukata kwa ajili yangu. Nitaanza kukurudishia tarehe tano.” Kisha tuma tarehe tano. Hilo halitaonekana CRB, lakini siku utakapohitaji wadhamini tena katika SACCO yoyote ya kaunti yako, watu hao ndio watakaoulizwa kwanza, hata kama hawatakuwa kwenye fomu.

Nianzie wapi?

Anza na ripoti yako. Una haki ya kupata nakala moja bila malipo kila mwaka kutoka kwa kila kampuni ya CRB. Metropol wanapatikana kwa kupiga *433#, na zote tatu zina tovuti. Chukua zote tatu, kwa maana si kila mkopeshaji huripoti vilevile kote; unaweza kuwa safi kwa moja na mchafu kwa nyingine, na hujui benki yako hutazama ipi.

Ripoti ikifika, usikimbilie alama, ile namba inayopima sifa yako ya kukopa. Soma mstari kwa mstari. Kila mkopo una jina la mkopeshaji, tarehe ulipofunguliwa, kiasi cha mwanzo, salio la sasa, siku za kuchelewa na hali ya akaunti. Mama mmoja mwenye agroveti pale Njoro alikuwa amemaliza mkopo wake wote na alikuwa na barua ya benki. Lakini kwenye ripoti, salio lilisoma sifuri huku siku za kuchelewa zikiendelea kusoma mia mbili na kitu, na hali ya akaunti bado imeandikwa kuwa imekwama. Kila alipoomba mkopo wa mbegu, mtambo ulimkataa kabla afisa hajamsikiliza. Aliamini amelaaniwa. Shida ilikuwa mtu ofisini aliyesahau kufunga akaunti.

Tafuta makosa ya namna hiyo: mkopo uliolipwa ambao haujafungwa, mkopo mmoja ulioandikwa mara mbili baada ya kuuzwa kwa wakusanyaji madeni, mkopo usioujua kabisa. Tafuta pia deni lililofutwa na ufilisi ambalo bado linasoma kama unadaiwa. Ukiona kosa, andika barua kwa CRB na nakala kwa mkopeshaji, uambatishe risiti au hati ya mahakama, na usisitize wakupe muhuri wa kupokea. CRB inatakiwa kisheria kuchunguza malalamiko yako na kurekebisha kilicho kosa. Hulipi chochote kwa kulalamika.

Kazi hii inachosha na haina raha yoyote, lakini nimeona ikiwasaidia watu kuliko kadi yoyote.

Taarifa mbaya hukaa kwa muda gani?

Miaka 5 tangu siku ulipomaliza deni. Deni usilolimaliza halianzi kuhesabiwa. Ukishalipa, hali hubadilika na kusoma kwamba umelipa, ingawa historia ya kuchelewa bado inaonekana. Mkopeshaji mwenye busara huona tofauti kubwa kati ya hayo mawili. Na kwa kanuni za mwaka 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halitakiwi kukuorodhesha.

Deni limezaa hadi halitambuliki. Nilikopa laki mbili, sasa wanasema laki saba. Ni halali?

Kama mkopeshaji ni benki, uliza hesabu kwa maandishi. Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, kinachotumika tangu Mei 2007, inasema riba ya mkopo uliokwama haiwezi kuzidi kiasi cha msingi ulichokuwa unadaiwa siku mkopo ulipokwama. Ulikwama ukidaiwa 200,000 za msingi? Basi riba haiwezi kupita 200,000 nyingine. Jumla ni 400,000 pamoja na gharama halali za kufuatilia deni. Watu wengi hulipa zaidi ya hapo kwa woga tu. Peleka barua ukitaja kifungu hicho kwa namba, kisha ujadiliane. Kwa shailoki, yule mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni, njia ni tofauti, na hapo afadhali umwone wakili.

Kuna kijana aliniambia atanitoa CRB kwa elfu tano. Nimlipe?

Usimlipe. Hakuna mtu wa nje anayeweza kufuta taarifa ya kweli. Anachoweza kufanya ni kulalamika kwa niaba yako kuhusu kosa, jambo ambalo ungelifanya mwenyewe bure, au kukutengenezea cheti cha uongo ambacho kitakupeleka kituo cha polisi. Wengine huomba namba ya kitambulisho na PIN ya M-Pesa, na unabaki na mikopo mipya juu ya ile ya zamani.

Haya, sasa kadi. Kadi ya kuanzia ni ipi hasa?

Ni kadi ya mkopo inayolindwa na pesa zako mwenyewe. Unaweka amana benki, tuseme shilingi 30,000. Benki inazifungia, huwezi kuzigusa, kisha inakupa kadi yenye kikomo kinacholingana na amana hiyo au pungufu yake kidogo. Ukinunua kitu kwa kadi, hutumii amana yako. Unakopa kutoka benki, na kila mwezi unaletewa hesabu. Usipolipa, benki inachukua amana. Kwa kuwa hatari ya benki ni ndogo, mtu ambaye angekataliwa mkopo wa kawaida ana nafasi ya kukubaliwa.

Si kila tawi litakutajia bidhaa hii. Afisa wa mikopo ana malengo ya kuuza mikopo mikubwa. Ingia na umwambie moja kwa moja: “Nataka kadi ya mkopo iliyolindwa na amana.” Kisha umuulize mambo manne na uandike majibu: ada ya mwaka ni ngapi, riba kwa mwezi ni ngapi, je, malipo yangu mazuri yanaripotiwa CRB au ni yale mabaya tu, na amana yangu inazaa riba ikiwa imefungwa au imekaa bure. Swali la tatu ndilo kubwa. Kadi isiyoripotiwa haikujengei jina. Afisa asipojua, mwombe amuulize anayejua. Usitie sahihi kwa kubahatisha.

Niweke amana kiasi gani?

Kiasi ambacho kikifungiwa mwaka mzima nyumbani hakuna atakayelala njaa wala atakayerudishwa kutoka shule. Kama 20,000 zinakuumiza, uliza kama wanakubali kidogo zaidi, na wasipokubali, acha kwanza. Wapo wanaochukua karo ya muhula wa pili wakaweka amana, kisha Mei ikafika wakakopa kwenye simu kulipa karo. Huko ni kukopa harusi kulipa matanga. Na usikope popote ili upate amana, hata kwa ndugu.

Nikishaipata, niitumie vipi?

Chagua matumizi mamoja ambayo tayari uko nayo kila mwezi na ambayo pesa zake unazo. Mafuta ya pikapu yanafaa sana, kwa sababu vituo vikubwa vya mafuta hupokea kadi na kiasi hakibadiliki sana. Ununuzi wa supamaketi pia unafaa. Kitu kipya usinunue. Kadi hii si ya kuongeza maisha.

Tuseme kikomo chako ni 20,000. Weka mafuta ya 4,000 au 5,000 kwa mwezi, basi. Mkopeshaji akiona kadi inayotumika robo yake na kulipwa yote, anasoma mtu aliyetulia. Akiona kadi iliyojaa hadi mwisho kila mwezi, hata kama inalipwa, anasoma mtu anayeishi kwa mkopo.

Halafu zijue tarehe mbili: tarehe ya kufungwa kwa hesabu na tarehe ya mwisho ya kulipa. Tuseme hesabu yako hufungwa tarehe 30 na malipo yanatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukinunua mafuta tarehe 2 Juni, yataingia hesabu ya 30 Juni na utalipa kufikia 20 Julai: umepewa siku 48 bila riba. Ukinunua tarehe 29 Juni, una siku 21 tu. Mtu asiyejua hili hushangaa kwa nini mwezi mmoja kadi ni ya upole na mwezi mwingine inambana.

Siku zile zisizo na riba zipo tu kama unalipa hesabu yote. Ukibakiza hata kidogo, kadi nyingi huanza kuhesabu riba, mara nyingine hata kwa vitu vipya unavyonunua. Kwa hiyo mara unapojaza mafuta, hamisha kiasi hichohicho kwenye akaunti au mfuko wa simu ambao hutaugusa. Tarehe 15 lipa. Usingoje tarehe 20, kwa sababu malipo ya M-Pesa kwenda benki yanaweza kukwama siku ya mwisho, hasa ikiwa Jumapili, na kuchelewa kwa siku moja kunaandikwa kuchelewa.

Benki inasema naweza kulipa asilimia 5 tu. Si ni nafuu?

Ni nafuu kwa mwezi mmoja wa shida kubwa. Ukizoea, ni mtego. Fanya hesabu hii: unadaiwa 20,000, riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, na unalipa kile kiwango cha chini cha asilimia 5. Mwezi wa kwanza unatoa 1,000, lakini 700 ni riba. Deni limepungua 300. Ukiendelea hivyo bila kununua kitu kingine, baada ya mwaka mzima utakuwa umetoa takriban 11,000 na bado unadaiwa zaidi ya 16,600. Uliza riba halisi ya kadi yako, uweke namba zako, utaona picha ni ileile.

Naweza kutoa pesa taslimu kwa kadi hiyo?

Mashine itakupa. Usifanye. Kuna ada papo hapo, na riba huanza siku hiyohiyo bila zile siku za neema.

Kadi ya kawaida ya benki, au ile ya M-Pesa ya kununulia mtandaoni, hainijengei jina?

Hapana. Kadi ya kawaida hutumia pesa zako zilizo kwenye akaunti, na ile ya M-Pesa GlobalPay hutumia salio lako la M-Pesa. Hujakopa, kwa hiyo hakuna mkopo wa kuripoti. Ni vyombo vizuri vya malipo, lakini kwa kazi hii havisaidii.

Mimi nauza omena Kibuye. Hakuna anayepokea kadi sokoni. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu ushauri mwingi wa kadi umeandikwa kwa watu wenye mshahara. Unanunua ufuoni kwa pesa mkononi au M-Pesa, unauza kwa vipimo, mtaji unazunguka mara mbili kwa wiki. Kadi ya mkopo itakaa kwenye mkoba, itakukata ada ya mwaka, na siku utakapoitumia itakuwa ni kwa tamaa. Achana nayo kwa sasa.

Njia inayokufaa zaidi ni SACCO. Jiunge na iliyo na leseni, weka akiba kila wiki kwa miezi kadhaa, kisha omba mkopo mdogo usiozidi akiba yako mwenyewe. Mkopo wa namna hiyo kwa kawaida hauhitaji mdhamini, kwa kuwa akiba yako ndiyo dhamana, na ni wazo lilelile la kadi ya amana, ila hapa pesa zinatoka kwa namna ambayo soko lako linaielewa. Uliza kabla ya kujiunga kama SACCO hiyo hupeleka taarifa CRB. Kopa 15,000, nunua mzigo, lipa kwa miezi mitatu, pumzika, kopa tena kidogo zaidi.

Wakati huohuo pitisha mauzo yako kwenye namba ya tili, ile ya kupokea malipo ya biashara kwa simu, badala ya namba yako ya kibinafsi. Taarifa ya tili ya miezi sita, inayoonyesha 3,000 leo, 4,500 kesho, ni ushahidi wa biashara ambao afisa wa mikopo anaweza kuushika mkononi. Wenye vibanda Kondele na Wakulima Market Nakuru wanaofanya hivi huingia benki na karatasi. Wengine huingia na maneno.

Chama chako cha mzunguko endelea nacho. Hakionekani CRB, lakini kinakupa pa kukimbilia kabla ya kukimbilia simu. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, nayo ipo: mkopo wake wa kibinafsi huanzia shilingi 500, riba ni asilimia 8 kwa mwaka, na asilimia 5 ya unachokopa huwekwa akiba. Kwa anayeanza kutoka sifuri ni mazoezi yasiyo ghali, mradi ulipe.

Mikopo ya simu je? Ikiwa nitakopa na kulipa mara nyingi, jina halitapanda?

Mkopo mmoja wa benki kupitia simu, unaolipwa kwa wakati, unaweza kusaidia. Mitano kwa pamoja, mmoja ukilipa mwingine, inakumaliza, na inaonekana hivyo kwenye ripoti: maombi mengi, muda mfupi, wakopeshaji tofauti. Angalia pia kama mwenye programu ana leseni ya Benki Kuu. Tangu kanuni za Machi 2022 kampuni za mikopo ya kidijitali zinatakiwa kuwa nayo, na haziruhusiwi kupigia simu watu walio kwenye orodha yako ili kukuaibisha. Zikifanya hivyo, peleka malalamiko Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisilotosha, kwa mkate wa leo ni sawa. Fuliza kila siku ni dalili kwamba mapato na matumizi hayajakutana, na hakuna kadi itakayotibu hilo.

Nimebadilisha laini ya simu. Deni la zamani litanipata?

Ndiyo. Rekodi imefungwa kwenye kitambulisho chako, si kwenye laini.

Mume wangu yuko CRB. Na mimi nimeharibika?

Hapana, kila mtu ana faili lake. Ila kama mlikopa pamoja au ulimdhamini, deni hilo ni lako pia. Kwa familia iliyotoka kwenye ufilisi, mara nyingi nashauri kadi au mkopo wa SACCO uanze kwa jina la yule mwenye faili safi, huku mwingine akirekebisha makosa yake pole pole, mradi wote wawili wanajua kila shilingi inayokopwa.

Benki imenikatalia hata kadi ya amana. Sasa?

Uliza sababu, na uulize wametumia ripoti ya kampuni gani. Ukikataliwa kwa sababu ya ripoti, una haki ya kuiona bila malipo. Benki Kuu imekuwa ikisema kwamba kuwa na taarifa mbaya pekee kusiwe sababu ya kumnyima mtu mkopo, lakini kila benki ina sera yake. Usiende siku hiyohiyo kuomba kwa benki nne nyingine, kwani kila ombi linaacha alama. Rudi kwenye ripoti, tafuta kile kilichowashtua, kishughulikie, jaribu tena baada ya miezi michache kwenye benki ambayo tayari una akaunti yenye mzunguko.

Nimeanza vizuri, lakini mwezi huu nimekwama. Mvua imekatiza barabara, biashara imelala.

Enda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe, si baada yake. Kati ya siku ya kwanza ya kuchelewa na ile ya 90 kuna nafasi kubwa ya kupanga upya: kuongezewa muda, kupunguziwa kiasi cha mwezi. Andika barua, hata ya mistari mitano, na ubaki na nakala. Kabla ya kukuorodhesha vibaya, mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30, na siku hizo ni za kuzungumza, si za kuzima simu. Kwa kadi ya amana, usijiambie “watachukua tu amana yangu.” Watachukua, ndiyo, lakini kuchelewa kutabaki kwenye faili, na utakuwa umepoteza pesa na jina kwa pamoja.

Nitajuaje kwamba inafanya kazi, na amana yangu narudishiwa lini?

Chukua ripoti baada ya miezi sita. Unatafuta mstari mmoja mpya: kadi yako, hali nzuri, siku za kuchelewa sifuri. Kama mstari huo haupo, benki hairipoti, na ni heri ujue sasa. Alama yenyewe hupanda polepole. Kwa Metropol, kwa mfano, huanzia 200 hadi 900, na mtu aliyekwama karibuni hukaa chini ya 400. Usiitazame kila wiki.

Baada ya kama mwaka wa malipo kamili, iandikie benki ukiomba kadi hiyo ibadilishwe kuwa kadi ya mkopo isiyo na amana na amana ifunguliwe. Wakikataa, omba tena baada ya miezi sita. Ukiamua kuifunga, lipa salio lote, ungoje hesabu ya mwezi unaofuata ili uone kama kuna riba au ada iliyobaki nyuma, ilipe, kisha udai barua ya kufungwa kwa akaunti yenye muhuri. Amana ikirudi, hakikisha imerudi yote pamoja na riba yake kama mlikubaliana hivyo. Mwezi mmoja baadaye chukua ripoti tena, uangalie kwamba kadi inasoma imefungwa na salio ni sifuri.